Mhuri Haumimini Chai

Mwaka 2015, mjini Beijing, seti moja ya vyombo vya chai vya udongo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya yuan milioni 90. Fundi aliyeifinyanga, Gu Jingzhou, alikuwa ameshafariki tangu 1996. Watu walishangilia bei, wakashangilia jina. Swali ambalo mtoto yeyote angeuliza halikupata nafasi: je, buli lenyewe linamimina vizuri?

Nawashitaki wakusanyaji. Nawasema wale wanaonunua mabuli ya Yixing kwa sababu yana mhuri wa fundi mkubwa, wakayafungia kwenye kabati la kioo, kisha wakajiita wapenzi wa ufundi. Dai langu ni moja: wanachokusanya ni majina, na soko la majina linaitafuna kazi ya mikono wanayodai kuipenda.

Tuanze na buli lenyewe. Yixing iko katika jimbo la Jiangsu, magharibi mwa ziwa Tai. Wafinyanzi wa huko, hasa katika mji mdogo wa Dingshu, hutumia udongo uitwao zisha, yaani mchanga wa zambarau, ingawa upo pia wa manjano na mwekundu. Huchimbwa ukiwa mgumu kama jiwe, ukasagwa, ukachekechwa, ukakandwa. Kwa kazi ya mkono hasa, mfinyanzi hatumii gurudumu. Hulipiga bonge kwa nyundo ya mti mpaka liwe bapa, hukata ukanda, huuzungusha ukawa kama mkebe, kisha huupigapiga kwa kibao huku vidole vya mkono wa pili vikiutegemeza kwa ndani, mpaka tumbo la buli litokeze na bega lijikunje. Mdomo na mkono hupachikwa baadaye. Kifuniko lazima kikae barabara, kisicheze wala kisikwame. Buli moja zuri huchukua siku kadhaa.

Kisha huchomwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,100, bila kupakwa dawa ya kung'arisha. Kwa kuwa halina ngozi ya kioo, hunywa chai kidogo kidogo, na mikono inayolishika kila siku hulipa mng'ao ambao hakuna tanuri linaloweza kuutoa. Ndiyo maana wanywaji wa kweli hutenga buli moja kwa aina moja ya chai na kulitunza kwa miaka. Kwa hiyo buli la Yixing hutoka tanurini likiwa nusu. Nusu ya pili huikamilisha mnywaji. Anayelifungia ameikatiza kazi ya fundi njiani, halafu anatutaka tumshukuru kwa kuihifadhi.

Na haya majina yanayouzwa ghali, ni ya nani? Simulizi za Yixing humweka mwanzoni Gongchun, mtumishi wa msomi mmoja wa zama za Ming, aliyejifunza ufinyanzi kwa mtawa wa hekalu la Jinsha mwanzoni mwa karne ya 16. Sanaa inayouzwa kwa mamilioni ilianza na mtu aliyetumwa maji. Mwanzoni mwa karne ya 19, Chen Mansheng, afisa wa serikali na msanii, alibuni maumbo yanayoigwa mpaka leo. Waliofinyanga walikuwa Yang Pengnian na nduguze. Katika mabuli hayo, mhuri unaohusishwa na Chen uko kitakoni, mpana na wazi. Wa Yang ni mdogo, umejificha chini ya mkono wa buli. Dunia huyaita mabuli ya Mansheng. Wahenga wetu walishasema: mfinyanzi hulia gaeni.

Hata Gu Jingzhou alipita hapo. Katika miaka ya 1930, akiwa kijana, aliajiriwa na mfanyabiashara wa vitu vya kale wa Shanghai ili aige kazi za mafundi wa zama za Ming na Qing. Mkono ulikuwa wake, sifa ikawa ya marehemu. Leo jina lake ndilo linaloigwa, na vijana wenye vipaji wanauza mikono yao chini ya jina lake kama yeye alivyouza wake chini ya majina ya wengine. Mkusanyaji anayejisifu kwamba jicho lake halidanganyiki na aikumbuke habari hiyo.

Baadaye mafundi walikusanywa kwenye ushirika, na ushirika ukawa kiwanda. Kwa miaka mingi mabuli mengi yalitoka na mhuri mmoja kitakoni, wa nchi na mji: China, Yixing. Aliyefinyanga hakutajwa. Siutamani wakati ule, maana kumfuta mtu jina ni wizi. Lakini kilichofuata ni wizi wa pili. Sasa zipo ngazi za vyeo, kuanzia fundi msaidizi mpaka bwana wa taifa, na bei hupanda na cheo kama maji ya bahari yanavyopanda na mwezi. Matokeo yake yanajulikana Yixing nzima: mwenye cheo hugonga mhuri, kijana asiye na cheo hufinyanga. Piga hesabu mwenyewe. Ikiwa buli moja zuri ni kazi ya siku kadhaa, fundi mzee mmoja anajazaje maduka yote yanayotangaza jina lake?

Udongo nao haukusalimika. Mwaka 2005 machimbo ya mlima Huanglong, chimbuko la zisha iliyosifiwa zaidi, yalifungwa. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China ilifichua kwamba udongo wa kawaida ulikuwa ukitiwa kemikali ili upate rangi za zisha, kisha ukiuzwa kama ule halisi. Soko linalolipa mhuri kuliko chombo litapata mihuri tele. Vyombo hayakuviagiza.

Najua jibu la wakusanyaji: bila sisi, ufundi ungekufa. Kuna ukweli ndani yake, na nitaupa haki yake. K. S. Lo wa Hong Kong, mfanyabiashara aliyeanzisha kampuni ya maziwa ya soya ya Vitasoy, aliwaagiza mafundi wa Yixing kazi mpya wakati ambapo wengi walikuwa wakisukumwa na kazi za kiwandani. Kisha akatoa mkusanyo wake kwa umma, na makumbusho ya vyombo vya chai katika jengo la Flagstaff House yalifunguliwa mwaka 1984. Lakini tazama alivyofanya: alinunua kwa mafundi walio hai, akafungua mlango kila mtu atazame. Wanaolitaja jina lake leo ili kujitetea wafuate basi nyayo zake. Sefu ya benki si makumbusho.

Wengine watanikumbusha ya kwetu. Mbona makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani za China, wala hakuna aliyezilia chakula? Kweli. Ila sahani zile ziliwekwa mahali ambapo kila mpita njia aliziona, zikamheshimu marehemu aliyelala chini yake. Buli lililofungiwa likisubiri bei ipande halimheshimu mtu yeyote, hai wala maiti.

Kwa hiyo, ewe unayesoma haya na umeanza kuvutiwa na vyombo hivi, usiniambie huna uwezo wa kuwa mkusanyaji. Shukuru. Anayeweza kununua moja tu hulazimika kuuliza maswali ambayo mwenye mia huyaruka. Nani alilipiga bapa hili? Mhuri huu ni wa mkono huohuo? Jaza maji, mimina: mkondo umenyooka au unatapatapa? Ziba kwa kidole kitundu cha kifuniko, inamisha: maji yanasita? Mtafute fundi asiye na cheo anayegonga jina lake mwenyewe kwenye kazi yake mwenyewe, umlipe stahiki yake. Huyo ndiye Gu Jingzhou wa mwaka 1936, na hakuna anayempigia makofi.

Halafu tia chai. Tia kesho tena. Siku moja litaanguka livunjike, na utaumia. Umia, kisha rudi kwa yule yule fundi. Atakuwa na kodi ya kulipa na tanuri la kuwasha.