Delete si Remove, jamani!

Leo nina ugomvi na makundi mawili: waliotufundisha Kiingereza, na wenzangu tunaoandika programu.

Shuleni tulikaririshwa kwamba "delete", "remove", "erase" na "clear" ni visawe. Mstari mmoja, maana moja, twende swali linalofuata. Kwenye insha haidhuru. Kwenye kompyuta inadhuru, tena sana.

Huku Runyenjes kuna chama kimoja cha ushirika cha kahawa kinachotunza kilo za wakulima kwa programu. Mkulima akahamia kiwanda kingine. Karani alitaka tu jina litoke kwenye orodha ya kiwanda cha zamani, na kitufe pekee alichokiona kiliandikwa "Delete". Akabonyeza. Jina likaenda na kilo zote za msimu mzima. Mzee wa watu akabaki anakusanya stakabadhi za karatasi, nyingine zimelowa mvua, ili athibitishe kahawa yake mwenyewe. Lawama zote zikamwangukia karani, ati hajui kompyuta. Uongo! Karani alielewa Kiingereza vile vile alivyofundishwa. Aliyekosea ni aliyekiandika kitufe.

Tazama neno lenyewe. Ndani ya "remove" mna "move", yaani kusogeza. Kitu kinatoka hapa, lakini bado kipo mahali. "Delete" ina asili ya Kilatini, na huko maana yake ni kuangamiza. "Clear" ni kumwaga yaliyomo: debe linabaki, mahindi hayapo. "Erase" ni kufuta alama, kama chaki ubaoni. Swali la kujiuliza ni moja tu: baada ya kubonyeza, nini kinabaki?

Gmail wanalifuata hili vizuri. Ukifanya "remove" kwa lebo, barua yako iko salama, imevuliwa lebo tu. Ukifanya "delete" kwa barua, inaingia kwenye taka na baada ya siku 30 inapotea. (Najua, Windows nayo ina pipa la taka tangu 1995, kwa hiyo "Delete" huko haiui papo hapo. Pipa liliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanalia!)

Waandishi wa programu hatuna kisingizio, kwa sababu kazini tofauti hizi tunaziheshimu. Kwenye SQL, nani huchanganya DELETE na DROP? Ya kwanza inaondoa safu za jedwali, ya pili inaondoka na jedwali lenyewe. Kwenye Python, seti ina "remove" na "discard": kitu kisipokuwemo, "remove" inapiga kelele ya kosa, "discard" inanyamaza. Hata amri ya Unix ya tangu 1971, rm, imepewa jina la haki kabisa: inaondoa jina la faili, na kama faili hiyo ina jina jingine, data zake hazijaguswa. Usahihi wote huo tunajiwekea sisi wenyewe, halafu karani tunamtupia neno lolote lililokuja kichwani.

Na msiniambie dawa ni kutafsiri tu. Nimeona programu za Kiswahili ambamo yote manne yamegeuzwa "Futa". Huo ni uvivu. Kiswahili kina "ondoa", "futa", "toa", "mwaga", na hakuna mama anayemwambia mtoto "futa kiti hapo" akitaka kisogezwe. Mtoto ataleta kitambaa!

Kwa programu ya kahawa vitufe viwili vingetosha: "Ondoa kwenye kiwanda hiki" na "Futa mkulima na kilo zake zote". Ni virefu, ndiyo. Skrini ya ofisi ile ina nafasi tele, nimeiona.