Kabla Hatujasema "Anyongwe!"

Dada zangu, na mabibi harusi wetu wa msimu huu, leo tuziweke pembeni hina na singo, tuzungumze jambo zito: adhabu ya kifo, na mtu kuhukumiwa kwa kosa asilolitenda.

Kila yanapotokea mauaji ya kutisha, simu zetu hujaa ujumbe wa sauti kwenye magrupu: "Anyongwe tu!" Kesi hata haijaanza. Hasira ile naielewa. Damu ya mtu si kitu kidogo. Suratul Maida imefananisha kuua nafsi moja bila ya haki na kuua watu wote. Lakini na yule anayenyongwa bila ya kosa ni nafsi pia.

Tumtazame Iwao Hakamada wa Japani, aliyekuwa bondia. Alikamatwa mwaka 1966, akituhumiwa kuua watu wanne wa familia moja. Alihojiwa kwa siku nyingi mfululizo mpaka akakiri, kisha mahakamani akakana. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji, zikatolewa nguo zenye damu kutoka kwenye pipa la miso, kile kiungo cha soya iliyochachuliwa kwa chumvi. Mwaka 1968 alihukumiwa kifo, na baadaye alipoijaribu, suruali ile haikumwenea.

Dada yake, Hideko, hakukata tamaa. Miaka nenda miaka rudi alimtembelea gerezani na kupigania kesi irudiwe. Swali kubwa likawa la jikoni kabisa: nguo iliyorowekwa mwaka mzima kwenye kitu cha chumvi kilichochacha, damu yake itabakije nyekundu? Hakamada alitoka gerezani mwaka 2014, na Septemba 2024 mahakama ilimwona hana hatia, ikasema ule ushahidi ulikuwa wa kubuni. Yeye alikuwa na miaka 88, Hideko 91. Angenyongwa mapema, Hideko angeletewa karatasi ya msamaha akaisome kaburini.

Kuna dada atasema, "Lakini kisasi kimo kwenye dini." Kimo, na mimi siikatai hukumu ya Mwenyezi Mungu. Swali langu ni la sisi binadamu tunaoishika kamba. Bi Umm Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, ametupokelea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba yeye ni binadamu, huletewa magomvi, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa alichokisikia. Ikiwa Mtume ametutahadharisha hivyo, hakimu wa leo na mpelelezi wake tuwaamini kwamba hawakosei kamwe? Ndiyo maana mafakihi wakashika kanuni kwamba shaka huiondoa adhabu ya hadi.

Na kuna jambo wanawake wengi hatufundishwi. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, haki ya kisasi ni ya warithi wote wa marehemu, wanaume na wanawake, mjane akiwemo. Mmoja wao akisamehe, kisasi kinaanguka na inabaki dia. Mlango wa huruma umewekwa ndani ya hukumu yenyewe, na ufunguo mmoja anao mwanamke.

Sheria ya jinai ya Tanzania Bara haina mlango huo. Mtu mzima akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, jaji analazimika kutamka kifo. Mjamzito ndiye anayepewa kifungo cha maisha. Msamaha wa wafiwa haumpi jaji nafasi ya kutamka jengine. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha, ilisema ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Kenya, Mahakama ya Juu ilikwishaubatilisha mwaka 2017. Ni kweli Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, lakini hukumu zinaendelea kutolewa, na mtu anaamka kila alfajiri hajui kama leo ndiyo siku yake.

"Je, angeuliwa mwanao?" Ningelia mpaka macho yakauke, na ningemtaka aliyemuua. Nasema aliyemuua, si yeyote aliyekamatwa. Akinyongwa asiyekuwa yeye, muuaji wangu anapita sokoni, na mama mwengine analia kama mimi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: maadamu ushahidi wetu unaweza kuwa wa kipigo, wa fitina au wa kukosea sura, muuaji afungwe miaka mingi, asinyongwe. Ikijulikana haki baadaye, mlango wa gereza hufunguliwa. Kaburi halifunguliwi.

Na sisi tuna kazi ya kufanya majumbani. Tusisambaze picha ya mtuhumiwa kama kwamba kashahukumiwa. Tukiitwa kutoa ushahidi, tuseme tulichokiona kwa macho yetu, si tulichosimuliwa. Tusiitenge familia ya aliyekamatwa. Mama yake hana kesi. Nawe bibi harusi unayeanza nyumba yako, wafundishe wanao tangu wadogo kuuliza "Umeona mwenyewe?" kabla ya kumlaumu mtu.

Allah atuepushe na dhulma, tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin.