ANAPOSTI LAND CRUISER YA BOSI, KADI YA MKEWE IKO KWA KAUSHA DAMU

Kwenye status maisha ni matamu. Jamaa kasimama pembeni ya Land Cruiser ya watalii, miwani ya jua usoni, nyuma yake kreta ya Ngorongoro inaonekana mpaka chini. Maneno aliyoandika: "Kazi na dawa, Mungu ni mwema." Likes zinamiminika. Gari ni la kampuni, lakini hilo halina ubaya, hakuna aliyekatazwa kupendeza na kitendea kazi chake.

Ubaya uko nyumbani Qurus. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, hana kadi yake ya benki. Kadi ipo kwenye droo ya mkopeshaji mjini Karatu, pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye wa kwanza kuuona. Mume hajui.

Na mume naye ana lake. Amekopa kwenye app ya simu, na kila asubuhi anaamka anafuta meseji kabla mama watoto hajashika simu. Mke hajui.

Wanandoa hawa hawana majina hapa kwa sababu ni mfano. Lakini mtu wa Karatu akisoma atasema huyu ni jirani yangu, wa Arusha atamtaja shemeji yake, na wa Dar atanyamaza kwanza.

Tatizo lao haliko pale wengi wanapodhani. Ushauri unaotolewa kila siku ni "ongeza kipato, piga kazi, tafuta mishe ya pili." Jamaa anapiga kazi. Mwalimu anapiga kazi. Kinachowamaliza ni kalenda.

Qurus, na wilaya ya Karatu kwa ujumla, inaishi kwa mifuko miwili. Wa kwanza ni shamba: mahindi, maharage, mbaazi, ngano. Wa pili ni watalii wanaolala Karatu kabla ya kupanda Ngorongoro au kuendelea Serengeti. Mifuko yote miwili haijui tarehe ya mwisho wa mwezi. Inajaa kwa msimu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba wageni ni wengi, dereva anamaliza safari moja anaingia nyingine, na tipu ya safari moja nzuri inaweza kumfanya ajione bosi. Masika yakikolea, Aprili na Mei, magari yanaegeshwa, baadhi ya kambi zinafungwa, na dereva anayelipwa kwa safari anakaa nyumbani kuangalia mvua.

Sasa tazama Agosti. Jamaa ana mkwanja, na mtu mwenye mkwanja anafanya maamuzi. Wanahama kutoka vyumba viwili vya 60,000 kwa mwezi, wanaingia nyumba ya vigae, choo ndani, 150,000. Inachukuliwa simu ya mkopo, ile inayojifunga yenyewe usipolipa, 2,000 kila siku. Group la harusi la rafiki linaundwa, jamaa anaahidi kadi ya dabo, 100,000, na jina lake linakaa kwenye orodha watu wote wanaona. Katika hayo yote hakuna mgonjwa wala msiba. Hakuna dharura hata moja. Ni Agosti tu, na mambo ni mazuri.

Deni linaloonekana Mei linazaliwa hapo. Watu wanailaumu masika kwa kosa lililofanywa kiangazi. Wazee walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa Qurus harusi ni Agosti na matanga ni Mei.

Hesabu ya mfano iko hivi. Mwalimu anabaki na 450,000 baada ya makato. Mume kwa mwezi mbaya anaokoteza 100,000 kwa kubeba wageni wa ndani au kusaidia gereji. Jumla 550,000. Chakula, pamoja na mahindi ya shambani kwao, 180,000. Kodi ya nyumba ya vigae 150,000. Umeme, maji na gesi 45,000. Mtoto na shule 40,000. Nauli 30,000. Kuwasaidia wazazi 30,000. Vocha na bando 15,000. Hiyo ni 490,000. Imebaki 60,000.

Machi mwalimu alikopa 300,000 kuziba pengo la kodi na ada. Mkopeshaji anataka riba ya asilimia 30, yaani 90,000 kila mwezi, na ile 300,000 yenyewe inabaki palepale kama jiwe. Ongeza simu, 60,000 kwa mwezi. Jumla 150,000 inatakiwa, mfukoni iko 60,000. Pungufu 90,000. Ndipo mume anaingia kwenye app na kukopa 150,000, kimyakimya. Duka la mtaani nalo linadai 85,000.

Angalia hapo kwa makini. Mke anakopa kuficha pengo, mume anakopa kuficha pengo lilelile. Kila mmoja anadhani anamlinda mwenzake. Nyumba moja inalipa gharama ya siri mbili.

Na hii biashara ya kausha damu watu wanaichukulia kama kitu cha kawaida, wakati sheria haiichukulii hivyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kama biashara awe na leseni, hata kama ni mtu mmoja mwenye meza na daftari. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja hilo: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 300,000, hiyo ni 10,500. Mwalimu wetu analipa 90,000. Tofauti ya hapo ni zaidi ya kodi ya vyumba viwili.

App nazo zina mambo yao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Wengi waliziacha, wengine walipakua nyingine kesho yake. Mtindo wao unajulikana: ukichelewa, meseji zinakwenda kwa mama mkwe, kwa mkuu wa shule, mpaka kwa fundi uliyemsevu kwa ajili ya bomba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na namba za watu walioko kwenye simu yako si mali ya anayekudai. Mwenye kudaiwa alipe deni lake, ndiyo. Aibu kusambazwa kwa watu 400 haikuwa sehemu ya deni.

Lakini sheria haitakaa mezani Qurus kupiga hesabu. Hilo ni la wawili.

Na hapa ndipo pagumu. Kulipa deni kunaanza siku mke anaposema, "Kadi yangu haipo," na mume anaposema, "Na mimi kuna app." Hiyo ni jioni mbaya. Kutakuwa na kelele, pengine machozi, pengine mmoja atalala sebuleni. Bado ni nafuu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na deni la siri linaumbua mapema zaidi, kwa sababu lina namba ya mama mkwe.

Baada ya kelele, karatasi moja. Madeni yote yanaandikwa, hata ya aibu. Kausha damu 300,000. App 150,000. Simu 240,000 zilizobaki. Duka 85,000. Ahadi ya harusi 100,000. Jumla 875,000. Mara nyingi namba ikishaandikwa inakuwa ndogo kuliko ile iliyokuwa inatembea kichwani usiku.

Kisha linauawa kwanza linalonyonya zaidi, hata kama si kubwa kuliko yote. Mwalimu yuko kwenye kikoba na ana hisa za 200,000. Vikundi vingi vinaruhusu mwanachama kukopa mara tatu ya hisa zake. Akikopa 450,000 kikundini kwa riba ya asilimia 5, riba ya mwezi wa kwanza ni 22,500. Fedha hiyo inakwenda siku hiyohiyo kumaliza kausha damu na app, kadi inarudi, namba ya siri inabadilishwa, app inafutwa. Asiyerudisha kadi asifanye hivi kabisa, maana atakuwa na madeni mawili badala ya moja.

Halafu linakuja lile ambalo watu wa mjini hawataki kulisikia: wanarudi vyumba viwili. Hapo ndipo wanandoa wengi wanapokwama. Si kwamba hawajui hesabu. Wanajua. Wanaogopa kirikuu kitakachoegeshwa mchana kweupe kikiwa kimebeba makochi, na majirani mlangoni. Watasema jamaa kafulia. Waache waseme. Kati ya wote watakaosema, hakuna atakayechangia ile 90,000.

Kodi ikirudi 60,000, matumizi yanakuwa 400,000 na inabaki 150,000 kila mwezi. Riba ya kikundi 22,500, simu 60,000, na 67,500 inapunguza mkopo wenyewe. Miezi minne baadaye simu imekwisha, na mkopo wa kikundi umeshuka kutoka 450,000 hadi 180,000. Hapo hakuna tipu hata moja iliyoguswa. Hii ni hesabu ya mwezi mbaya.

Na duka? Duka linalipwa na tipu ya kwanza ya Juni, kwa sababu mwenye duka aliwalisha bila riba na watamhitaji tena. Na harusi? Mume anapiga simu, anasema ukweli: "Kaka, laki sitaiweza, nina 30,000, na siku yenyewe nitakuja kusimamia usafiri." Watasema amebadilika. Lakini mchango ni zawadi. Mtu anayekopa ili atoe zawadi amemzawadia mkopeshaji.

Wapo watakaosema huku ni kujinyima, na maisha ni haya haya. Kweli, kijana aliyekaa wiki mbili porini akila vumbi la Serengeti ana haki ya kula bata kidogo. Hoja haikatazi bata. Inauliza bata inalipwa na mwezi gani. Nyama choma ya Agosti iliyolipwa Agosti haina kesi. Kesi ni ile ahadi ya kila mwezi inayosainiwa Agosti kana kwamba mwaka una Agosti kumi na mbili.

Karatu imeshaonyeshwa hili mara mbili ndani ya miaka michache. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa kuingiza mbaazi kutoka nje, bei ikaporomoka, na mkulima aliyekopa akitegemea mavuno akabaki na magunia na deni. Mwaka 2020 ikaja korona. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, mwaka uliofuata wakawa 620,867. Loji zikanyamaza, madereva wakashika jembe. Sasa hivi mambo yamerudi vizuri, mwaka 2024 waliingia 2,141,895, na ndiyo maana hatari ni kubwa zaidi sasa. Namba zikipanda watu wanapanga maisha kama hazitashuka.

Mwalimu na dereva wana bahati moja: mshahara mmoja usiojali mvua. Nyumba ambayo wote wawili wanategemea loji na safari haina hata huo. Hao wanatakiwa kuifanya Mei kuwa bili ya kwanza ya Agosti: gharama za miezi mitatu ya masika ziwekwe pembeni kabla ya simu, kabla ya vigae, kabla ya kadi ya dabo. Kama mwezi mbaya kwao unakula 400,000, ni 1,200,000. Inasikika nyingi. Agosti inawezekana. Mei haiwezekani, na mkopeshaji anajua.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote msimu huu, swali ni moja tu, na linaulizwa kwa sauti, mwenzako akiwa amekaa hapo: hiki tutakilipaje Mei? Likikosa jibu, jibu limepatikana.

Na yule jamaa aendelee kuposti Land Cruiser, inapendeza. Ila jioni akirudi Qurus aiweke simu mezani bila kufuta kitu, na mkewe aweke kadi yake pembeni. Vyumba viwili, chai, na meza ambayo kila kitu kiko wazi. Hiyo haitapata likes, lakini wote wawili watalala.