Usimpigie Video Tu, Mlipie Mwalimu

Leo nina neno ambalo wengine mtanuna mkilisoma, lakini afadhali mnune tukiwa tumeelewana.

Kuna aina ya video imenichosha. Mnaijua. Mtoto asiyeona ameketi chini ya mti, anaimba. Sauti tamu mpaka kidole chako kinasimama kwa simu. Jamaa anayerekodi anasema "Mungu ni mkubwa", anamshikisha mtoto noti ya elfu moja, kamera inasogea usoni, wimbo wa huzuni unawekwa nyuma. Laiki zinamiminika. Maoni yote ni vikaragosi vya machozi. Halafu? Halafu hakuna. Noti inaisha kabla video haijamaliza kusambaa, na mtoto anabaki palepale, chini ya mti uleule, na sauti yake ileile.

Mimi mwenyewe natengeneza video, kwa hivyo siongei kama mtu wa nje. Najua machozi yanauza. Ninachosema ni kimoja: kama sauti ya mtoto asiyeona imekugusa kweli, mlipie masomo ya muziki. Sauti anaweza kuzaliwa nayo, lakini muziki unafundishwa, na mwalimu hula kila mwezi, si siku ya kurekodi pekee.

Kwanza niwaambie ninaongea nikiwa wapi. Niko Bangale, kaunti ya Tana River. Wengi wenu mmepaona kwa dirisha la basi la Nairobi kwenda Garissa: vumbi, mbuzi, maziwa ya ngamia, kisha mmepita. Mtoto asiyeona akizaliwa huku, shule za wasioona zilizo na jina ziko safari ndefu. Ukiifuata lami kuelekea Nairobi, unapita Mwingi, unapita Matuu, mpaka Thika, ambako Jeshi la Wokovu lilianza kazi na wasioona miaka ya 1940. Ukichagua upande wa bahari, unaenda Garissa, unateremka Hola, Garsen, Malindi, Mombasa, unavuka feri, ndio ufike Likoni, kwenye shule nyingine ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi hilohilo.

Sasa jiweke kwa nafasi ya mzazi anayehama na mifugo. Nauli, sare, godoro, na kumwacha mtoto wa miaka 6 mahali ambapo huenda hakuna anayeongea lugha ya nyumbani. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa huyo mtoto haki ya kusoma na haki ya kutumia Braille. Haki iko. Lakini haki haipandi basi yenyewe.

Haya, muziki unaingia wapi?

Watu wengi hudhani mtoto asiyeona anajifunza muziki kwa kusikiliza tu, kama vile Mungu alimpunguzia macho akamwongezea masikio. Hiyo ni hadithi tamu ya kutuondolea mzigo. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa 1809 na kupoteza macho akiwa mdogo, alikuwa mpiga kinanda cha kanisani. Alipochapisha mfumo wake wa nukta mwaka 1829, muziki ulikuwa ndani tangu siku ya kwanza, mpaka kwenye jina la kitabu. Nukta ni zilezile sita za kuandikia herufi. Alama inayosomwa "d" kwenye maneno, ukiingia kwenye muziki inakuwa noti ya do. "E" inakuwa re, "f" inakuwa mi, hivyo hivyo mpaka "j", ambayo ni si. Yaani mtoto anayejua Braille ya kawaida tayari ana ufunguo mfukoni. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha mlango.

Na hapa ndipo noti ya elfu moja inaposhindwa kazi. Wewe unayeona unaweza kuangalia karatasi huku mikono miwili iko kwa kinanda. Asiyeona anasoma kwa vidole, na vidole ndivyo vinavyopiga. Kwa hivyo mkono mmoja unasoma kipande kidogo huku mwingine ukijaribu, halafu wanabadilishana, halafu anaunganisha, halafu anakihifadhi kichwani. Kipande kwa kipande, wimbo mzima unaingia kwa kumbukumbu. Inaweza kuchukua wiki nyingi kwa wimbo wa dakika tatu. Hiyo kazi inataka mwalimu mwenye subira, karatasi nzito za Braille na ratiba isiyokatika. Huwezi kuifadhili kwa mchana mmoja.

Angalia watu tunaowasifia. Reuben Kigame, yule wa nyimbo za injili aliyetaka kugombea urais mwaka 2022, alipoteza macho akiwa mtoto mdogo. Alisoma shule ya wasioona ya Kibos, Kisumu, kisha sekondari ya wasioona pale Thika. Amadou na Mariam wa Mali, waliojaza kumbi za Ulaya, walikutana katika taasisi ya vijana wasioona mjini Bamako. Ray Charles aliingia shule ya viziwi na wasioona huko Florida mwaka 1937, akiwa na miaka 7, na ndiko alikojifunza kusoma muziki kwa Braille. Nchi tofauti, miziki tofauti, lakini kila mmoja alipita kwenye darasa ambalo mtu alilipia. Hakuna hata mmoja aliyetolewa na video.

Na si lazima awe staa ndio pesa yako iwe imefanya kazi. Cairo kuna jumuiya inaitwa Al Nour Wal Amal, maana yake nuru na tumaini. Ilianzishwa 1954 kusaidia wasichana na wanawake wasioona. Ina mafunzo ya muziki, na imetoa okestra nzima ya wanawake wasioona. Wanasoma noti kwa Braille, wanazihifadhi kichwani, wanapanda jukwaani bila karatasi, na wamepiga muziki katika nchi nyingi. Hiyo imewezekana kwa sababu kuna watu waliotoa mwaka baada ya mwaka, miaka ambayo hakukuwa na kamera yoyote ya simu.

Lakini niwaambie pia upande wa hatari. Zanzibar, pale Mji Mkongwe, kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy. Kilifunguliwa 2002. Si cha wasioona, kinafundisha taarabu na mengine kwa watu wote, ila kisa chake kinatuhusu. Mwaka 2019 habari zilizagaa kwamba kinaweza kufungwa kwa sababu wafadhili wakubwa wa nje walikuwa wameondoka. Hebu fikiria: muziki wa kwetu, wanafunzi wa kwetu, lakini roho ya chuo iko kwa mfuko wa mtu wa mbali. Mfuko ukifungwa, darasa linatetemeka. Mimi somo nililochukua ni hili: wafadhili wengi wadogo wa karibu wanashinda mmoja mkubwa wa mbali. Mmoja kati yetu akikosa mwezi huu, wengine wanaziba.

Tupige hesabu. Soo mbili kwa mwezi. Wengi wetu tunamaliza hiyo kwa bando za siku chache. Watu 30 wakitoa 200 kila mwezi, hiyo ni 6,000. Kwa mwaka ni 72,000. Pesa hiyo inaweza kumlipia mwalimu nauli na posho ya Jumamosi, kununua karatasi, au kumrudisha mtoto shuleni kila muhula mpya kama mzazi amekwama. Sisi ni watu wa vyama. Tunachanga harusi, tunachanga mazishi, tunachanga matanga ya mtu tuliyekutana naye mara moja. Hii haitushindi.

Najua mtasema nini. Wacha nianze na ile nzito.

"Watu wanakufa njaa, wewe unaleta kinanda?" Naiheshimu hii, kwa sababu nimeishi hapa. Mvua ilikosa misimu mitano mfululizo mpaka mwanzo wa 2023, mizoga ya ng'ombe ikawa kando ya barabara. Mwaka 2024 maji yakaja kwa hasira, Mto Tana ukavunja kingo, barabara ikafungwa upande wa Madogo. Chakula kwanza, sibishani. Lakini hebu niulize: ukame ukirudi, nani anakuwa wa kwanza kwenye foleni ya msaada na wa mwisho kuondoka? Ni mtu mzima asiyeona ambaye hakuna aliyemfundisha kazi yoyote akiwa mtoto. Unga unamvusha mwezi huu. Ujuzi, hata wa kufundisha wengine au kurekodi sauti kwa simu inayosoma skrini kwa sauti, unampa nafasi ya kununua unga wake.

"Muziki ni haramu." Kwetu wengi ni Waislamu, na mimi si ustadhi, sitoi fatwa hapa. Nitasema tu kwamba familia ndiyo inayoamua, na mlango hauko mmoja. Kuna familia haitaki ala lakini inataka kaswida. Kuna wanaokubali dufu, kama linavyopigwa kwenye Maulidi ya Lamu. Na hata anayekataa yote hayo anajua thamani ya sikio lililofundishwa: Sheikh Muhammad Rifat wa Misri, aliyepoteza macho utotoni, ndiye aliyefungua redio ya nchi yake kwa kisomo cha Qurani mwaka 1934. Sisemi kisomo ni muziki. Nasema alikuwa na walimu waliokaa naye miaka.

"Kwani kila asiyeona lazima aimbe?" Hii ndiyo ninayoipenda, na jibu ni hapana. Kuna watoto wasioona ambao kuimba kwao ni kama mlango usio na grisi, na wanapenda hesabu kuliko ngoma. Usimlazimishe mtoto kipawa kwa sababu wewe uliona sinema. Muulize. Akisema anataka kuwa wakili, changia vitabu vya Braille na utulie. Na akitaka muziki, sasa hivi kuna sababu zaidi ya kumsikiliza: kwenye mtaala mpya, sekondari ya juu ina njia ya sanaa na michezo, na muziki uko ndani. Asipopata msingi mapema, ataisikia hiyo njia ikitajwa tu.

Kwa hivyo, ukiwa na nia, fanya hivi.

Anza kwa kuuliza shule au mwalimu, wala usianze dukani. Kinanda cha umeme kikifika mahali ambapo stima ni ya kubahatisha, kitageuka kabati. Pengine wanachohitaji ni karatasi, nyuzi za gitaa, filimbi kumi, au nauli.

Saidia mzazi amsajili mtoto na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kuna misaada ya masomo na vifaa inapitia huko, lakini asiyesajiliwa haonekani kwenye orodha.

Lipia kitu kinachojulikana, na muwe na mweka hazina mnayeweza kumuuliza. Weka risiti kwenye kundi, hata ya shilingi 300. Watu hawachoki kutoa, wanachoka kutojua pesa imeenda wapi.

Ahidi muda kabla ya kuahidi kiasi. Bora useme "mwaka mmoja, soo mbili" ukatimiza, kuliko elfu tano kwa shangwe halafu simu haishikwi.

Na kamera? Sijasema tuizime kabisa. Video inaweza kuleta wachangiaji, na hiyo ndiyo kazi tunayoijua. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni taarifa. Kumbuka pia yule mtoto hawezi kuiona video uliyomfanyia. Hajui umemweka vipi, umemwandika nini chini yake, nani anamcheka. Basi mweleze, kwa lugha anayoielewa, na akikataa, rekodi mikono juu ya nukta, au sauti ya mwalimu, au risiti. Inatosha.

Mimi nimeanza na watu 11 wa hapa mtaani na wachache walioko Garissa na Eastleigh. Bado hatujafika 30. Hatuna jina, hatuna fulana. Tuna daftari la mistari, na safu ya mwezi huu ina nafasi tupu 19.

Kama uko Lamu, Kisumu, Temeke au Doha, huhitaji kuja kwa daftari letu. Kuna mtoto asiyeona karibu na kwenu pia. Mtafute mwalimu wake kabla hujatafuta pembe nzuri ya kamera.