Moyo Ukienda Mbio, Usiniulize Imani Yangu



Leo naomba tuweke singo na piko pembeni. Nataka tuzungumze moyo, na simaanishi mapenzi. Namaanisha huu wa nyama unaodunda kifuani, ambao kwa baadhi yetu huanza kwenda mbio saa nane za usiku bila ya sababu. Unakaa kitako kitandani umeshika kifua, vidole vina ganzi, jasho linakutoka, na fikra ni moja tu: leo nakufa.

Miaka sasa naishi na hali hii, na nimechoka. Sijachoka na moyo wangu, huo nimeshauzoea. Nimechoka na majibu. Mwanamke wa hapa kwetu Unguja akisema moyo unamwenda mbio, kabla hajamaliza maneno ashapewa moja kati ya matatu. "Zidisha ibada, imani yako haba." Au, "Hilo jini hilo, usilichezee." Na akiwa mwari anayengoja ndoa, "Nyamaza mwanangu, utaiharibu harusi yako." Majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyemshika mkono akamhesabia mapigo.

Mie nasema majibu haya ni dhulma, na tunadhulumiana wanawake kwa wanawake. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hilo la imani, maana ndilo linaloumiza zaidi. Ukimwambia mja anayeogopa kufa kwamba anaogopa kwa sababu hamjui Mola wake, umemwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Tena umemsingizia. Tizameni wenyewe. Katika Sura ya Al-Ahzab, Allah anawasimulia waumini katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, kwamba nyoyo zao zilifika kooni kwa hofu. Hao ni Maswahaba. Katika Sura ya Al-Qasas tunasomewa habari za mama yake Musa, alayhi salaam, ambaye moyo wake ulibaki mtupu baada ya kumtia mwanawe mtoni, akakaribia kuidhihirisha siri yake lau Allah asingeutia nguvu moyo huo. Na huyo ni mwanamke aliyepewa ahadi na Mola wake kwamba mtoto atarudi! Ahadi alikuwa nayo, na moyo ukamwenda vilevile.

Kisha mtizameni Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam. Aliposhuka kutoka pango la Hira baada ya wahyi wa kwanza, Bukhari anatupokelea kwamba alirudi nyumbani moyo wake ukitetemeka, akataka afunikwe, na akamwambia mkewe kwamba anajihofia nafsi yake. Sasa Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alifanya nini? Je, alimuuliza imani yake? Hakumuuliza. Alimfunika mpaka hofu ikamtoka. Akamkumbusha mema yake: anaunga udugu, anabeba mizigo ya wanyonge, anakirimu wageni, basi Allah hatamhizi. Na baada ya hapo akamchukua mpaka kwa Waraqa bin Nawfal, mtu mwenye elimu ya jambo lile.

Dada zangu, huo ndio utaratibu. Mfunike kwanza, kisha mtulize, kisha mpeleke kwa mwenye elimu. Sisi tunaoitwa masomo, mama, mashangazi na mashoga, tumeyaruka yote matatu tukarukia hukumu.

Kuna mwenye elimu ya nyota na kuna mwenye elimu ya mwili, na huyu wa moyo ni daktari. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Sa'd bin Abi Waqqas alipougua, Mtume aliweka mkono kifuani kwake, akamwambia ana maradhi ya moyo, akamwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Wapo wanazuoni waliozungumzia udhaifu wa sanadi yake. Lakini amri ya jumla ya kujitibu, iliyopokewa kwa Usama bin Sharik, ni mashuhuri. Kwa hiyo anayesema kwenda hospitali ni upungufu wa tawakkul, na alete dalili.

Na akienda hospitali atakuta nini? Mara nyingi atakuta jambo dogo lenye jina. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mwanamke ambaye damu yake imepungua, himoglobini chini ya 12 kwa asiyekuwa mja mzito na chini ya 11 kwa mja mzito, moyo wake unalazimika kupiga haraka zaidi ili hewa iliyomo katika damu chache ifike mwili mzima. Ni hesabu tu. Ukimwona mwenzio anatamani udongo na barafu, anachoka kupanda ngazi za nyumba zetu hizi za Mji Mkongwe, na hedhi yake ni nzito, usikimbilie kumtafutia mganga. Mpeleke akapimwe damu. Na mwambieni pia kwamba chai ya rangi kali juu ya chakula inapunguza madini ya chuma anayoyapata.

Sababu nyingine ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Nyingine ni kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, baadhi ya dawa za pumu na za mafua, na hizo dawa za kupunguza mwili ambazo maharusi wanauziana kwenye simu bila kujua ndani yake mna nini. Nyingine ni mimba yenyewe. Na ipo moja nzito ambayo lazima niitaje: maradhi ya vali za moyo yanayotokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia utotoni kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa. Haya yapo katika Afrika Mashariki, na msichana anaweza kuishi nayo bila kujua mpaka aolewe na ashike mimba, moyo ushindwe kubeba mzigo wa watu wawili. Huyu mkimpa zafarani ya kunywa na mkamwambia anyamaze, mmemweka katika hatari ya kweli.

Kwa hiyo shikeni alama hizi. Moyo kwenda mbio pamoja na kuzimia, maumivu ya kifua, pumzi kukata, miguu kuvimba, au kutokea unapojitumikisha, au ikiwa katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana: hapo hakuna kusubiri. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Najua mtaniambia, "Bibie, unakanusha majini?" Sikanushi. Majini yametajwa ndani ya Qur'ani, na kujisomea ruqya ni katika sunna. Mie mwenyewe silali bila ya Ayatul Kursiyyu na zile sura tatu za mwisho. Ninachokipinga ni haraka. Haya si mapya kwetu. Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886 ameandika juu ya maradhi na matibabu ya wakati wake, na juu ya wanawake waliosemwa wamepagawa. Zaidi ya miaka 130 imepita, na bado mwanamke akitetemeka wa kwanza kuitwa ni yuleyule.

Na tizameni haraka hiyo inatupeleka wapi. Mganga mwongo hasemi tu "una jini." Anasema nani kakutupia. Ni wifi yako, ni mke mwenzio, ni jirani wa dirisha la pili. Umeingia na mapigo ya moyo, umetoka na adui. Wenye umri wangu tunaukumbuka mwaka 1995, ile Ramadhani ya popobawa, ilivyoanzia Pemba ikavuka mpaka Unguja. Familia nzima zilitoka kulala nje, zimekumbatiana, watu wakisimulia kifua kubanwa na pumzi kukata. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na miili ilitetemeka kweli. Lakini hofu isiyo na jina hutafuta mtu wa kumkamata, na mjini hapa mtu mwenye maradhi ya akili alipoteza maisha mikononi mwa umati kwa kudhaniwa ndiye. Tusisahau.

Sasa, baadhi yetu tunapimwa, na majibu yanatoka salama. Damu nzuri, tezi nzuri, kipimo cha umeme wa moyo kizuri. Na moyo bado unakwenda mbio. Mimi ndimi huyo. Hapo tunaambiwa, "Basi huumwi, unajitia." Hili nalo ni kosa. Hofu ni maradhi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, alitunga kitabu kizima kuhusu afya ya miili na ya nafsi. Ndani yake alizungumza khofu, huzuni na wasiwasi kama hali zinazohitaji kutibiwa, na akaeleza kwamba nafsi na mwili huambukizana maumivu. Elfu moja na zaidi ya miaka iliyopita! Sisi leo tunaona haya kutamka Kidongo Chekundu, kama kwamba hospitali ya maradhi ya akili ni tusi na siyo hospitali.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unaogopa, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda. Unausikia, unaogopa zaidi, unapumua harakaharaka, vidole vinaingia ganzi na kichwa chepesi. Unasema haya ndiyo mauti, na adrenalini inamwagika tena. Shambulio kama hilo hufika kileleni kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Ukilijua hilo, hulipigi vita. Unakaa, unavuta pumzi polepole, unaitoa polepole zaidi, unamtaja Mola wako kwa utulivu, unaliacha lipite kama mvua ya vuli.

Na hapa nina neno kwetu sisi wenyewe tunaoumwa, maana sitaki kuwasema wengine peke yao. Dada, acha kujipima kila saa. Acha kushika shingo, acha kusaka maradhi kwenye simu usiku wa manane, acha kuhama daktari mpaka daktari ukitafuta atakayekwambia unakufa. Hili dini yetu ishalitibu. Mtume alimfundisha mwenye shaka ya udhu ndani ya Swala kwamba asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Wanazuoni wakajenga kanuni juu yake: yakini haiondolewi na shaka. Mwenye wasiwasi wa udhu hatumwambii atawadhe mara kumi. Tunamwambia aendelee na Swala yake. Basi na wewe uliyepimwa vizuri ukaambiwa uko salama, hiyo ndiyo yakini yako. Mpaka itokee moja ya zile alama nilizozitaja, endelea na Swala yako, endelea na maisha yako. Na hofu ikikushinda, yako matibabu ya mazungumzo na ziko dawa. Kuzitumia si aibu.

Nimalizie kwa bi harusi, kwa sababu yeye ndiye anayenyamazishwa zaidi. Tunamweka ndani, tunampaka, tunamfundisha mwiko na adabu, usingizi haupati, chakula anakikwepa ili gauni limkae, kahawa anakunywa ili akeshe. Moyo ukimdunda tunamwambia, "Usimwambie mtu, watasema tumewauzia mwari mgonjwa." Kwani huyu ni bidhaa? Ndoa ni amana. Mume atakayemkimbia mke kwa sababu damu yake ina himoglobini 9, ni bora akimbie kabla ya nikahi. Na akiwa ni mwema, ni haki yake ajue ili siku ya hofu ajue kufunika kama alivyofunika Bi Khadija.

Kwa hiyo nawaomba masomo wetu, mnaoheshimiwa na kusikilizwa: ongezeni somo moja. Kabla ya hina, mwari apimwe wingi wa damu na presha, asikilizwe moyo. Aulizwe, tena kwa faragha na kwa upole, "Mwanangu, unalala? Kuna kinachokutia hofu?" Kisha mnyamaze, mumsikilize.

Na wewe unayesoma haya saa nane za usiku umeshika kifua: wewe si kafiri, hujarogwa na wifi yako, na huko peke yako. Kesho asubuhi nenda ukapimwe. Usiku huu kaa kitako, vuta pumzi, mtaje Allah. Nyoyo hutulia kwa kumtaja Yeye. Ndivyo alivyoahidi, na hakuweka sharti kwamba lazima zitulie mara moja.

Allah azitulize nyoyo zetu, awaponye wagonjwa wetu, na awape maharusi wetu nyumba zenye rehema. Amin.