Mafuta ya Tajiri Yasilale Chumbani kwa Mfanyakazi



Katika mikutano yetu tumezungumza sana juu ya malipo, juu ya kodi za barabarani na juu ya pikipiki zinazokamatwa ovyo, na ni haki yetu kuyazungumza. Lakini liko jambo moja ambalo halijapewa nafasi yake, nalo ni dumu la esansi linalolala nyumbani kwa mwenzetu, mara nyingi chini ya kitanda, mara nyingine nyuma ya mlango, penye watoto. Mimi nasema bila kuficha kwamba dumu hilo ni suala la chama. Tukiliacha liwe suala la uzembe wa mtu mmoja mmoja, tutaendelea kuchangishana fedha za matanga.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana ukurasa huu wasomwa na watu wa nchi kadha wa kadha. Huku kwetu Uvira na Bukavu, na hata upande wa Bujumbura, mafuta ya kutia katika pikipiki twayaita esansi, na neno petroli kwetu ni mafuta ya taa. Ndugu zetu wa Kigoma, na wale wa Kenya, wakisema petroli wana maana ya esansi yetu. Wengine hucheka wakisikia hivyo. Mimi sicheki. Boti za ziwa hili hazijui mpaka, na madumu nayo hayajui mpaka. Dumu likivuka ziwa limeandikwa PETROLI kwa mkono wa mtu wa Kigoma, mama wa Uvira akilisoma ataelewa mafuta ya taa, atatia katika taa yake au katika jiko la utambi, atawasha kiberiti. Kila mmoja wao ameandika na kusoma sawasawa kwa lugha ya kwao, na nyumba imeungua. Kwa hiyo nashauri neno hilo lisiandikwe kabisa kwenye dumu linalosafiri. Dumu la esansi lichorwe pikipiki kwa rangi, na dumu la mafuta ya taa lichorwe taa. Aliyesoma na asiyesoma wote wataelewa.

Tofauti ya mafuta haya mawili si ndogo. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Esansi hutoa mvuke wa namna hiyo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo pande zetu hakuna aliyepata kuiona. Maana yake ni kwamba kwetu sisi, mchana na usiku, masika na kiangazi, esansi iliyo wazi wakati wote inatoa kitu cha kuwaka. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hata nne. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni kama maji yanayotafuta mteremko, hupita chini ya mlango, hufika barazani penye mbabula. Hapo hushika moto, na moto hurudi kwa njia ile ile mvuke uliyoijia, mpaka kwenye dumu. Ndiyo maana watu husema dumu lililipuka lenyewe. Hakuna dumu linalolipuka lenyewe. Chini ya kitanda basi ndipo mahali pabaya kupita pote: chumba kimefungwa kwa ajili ya mbu na wezi, mvuke umejaa chini, na juu yake kuna mshumaa, au waya wa kuchajia simu unaotoa cheche.

Najua swali mtakaloniuliza: tuliweke wapi? Swali hilo ni la haki. Watu wengi huja kutuhubiria kwamba mafuta yasiwekwe ndani, wakaenda zao bila kulijibu. Mfanyakazi halazi dumu chumbani kwa kupenda harufu yake. Hulilaza kwa sababu ya mwizi. Lita 20 ndizo mtaji wa dereva, na zikiibwa usiku, kesho hana kazi na tajiri anadai hesabu yake ile ile. Tena mafuta yakiadimika hofu huzidi. Mwaka 2024 Burundi ilipokosa mafuta, wenzetu walivuka kuja Uvira kutafuta lita chache. Mtu aliyeyapata kwa shida namna hiyo, utamwambia ayaache uani?

Thamani hiyo ya dumu ndiyo iliyowaua watu wa Sange. Tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipinduka pale Sange, katika bonde la Ruzizi. Watu walitoka na ndoo na madumu kukinga, na wengine walikuwa katika vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, wala hawakuwa na habari. Walikufa zaidi ya watu 200. Mwaka uliotangulia, tarehe 31 Januari 2009, ilikuwa hivyo hivyo Sachangwan karibu na Molo, nchini Kenya, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa Msamvu, Morogoro, nchini Tanzania, wakafa tena zaidi ya 100. Waliokuwa chumbani wakitazama mpira Sange wanatufundisha jambo moja: moto wa esansi haumwulizi mtu kama yeye alikuwa akichota. Gari likipinduka magazeti huandika. Nyumba moja ikiungua kwa dumu moja, habari hubaki kwa jirani.

Wala tusidhani huu ni ujinga wa maskini, au wa watu wa bara letu. Mwezi Machi 2012 madereva wa magari ya mafuta huko Uingereza, wanachama wa chama cha wafanyakazi cha Unite, walipiga kura ya kukubali mgomo. Waziri mmoja, Francis Maude, akawaambia wananchi wajiwekee mafuta kidogo katika jerikeni gereji. Wazima moto walipinga maneno hayo kupitia chama chao. Siku chache tu baadaye mama mmoja wa mji wa York alikuwa akimimina petroli jikoni mwake huku jiko likiwaka, mvuke ukashika, akaungua vibaya. Na mgomo wenyewe haukufanyika. Serikali ilitaka kuwavunja nguvu wafanyakazi, na aliyelipa ni mama wa jikoni. Miaka miwili baadaye, yaani 2014, nchi hiyo iliandika kanuni zake upya: dumu la plastiki lisizidi lita 10, la chuma lisizidi lita 20, na anayeweka zaidi ya lita 30 nyumbani hana budi kuwapa habari wakubwa. Pimeni wenyewe madumu yetu ya njano ya lita 20.

Sasa nifike kwenye kiini. Mafuta yanayolala nyumbani kwa wanachama wetu ni ya aina tatu. Kuna ya mtu mwenyewe, ya pikipiki yake. Kuna ya kuuza, ya wale wauzaji wa barabarani tunaowaita kadafi, na wengi wao ni vijana na akina mama wasio na kazi nyingine. Na kuna mafuta ya tajiri. Mwenye boti humwambia fundi wa injini aondoke na dumu jioni, arudi nalo alfajiri. Mwenye mashine ya kusaga hufanya vivyo hivyo kwa msagishaji. Mwenye duka humwachia mlinzi mafuta ya jenereta. Sababu ni moja: kujenga kibanda cha mafuta ni gharama, na chumba cha mfanyakazi ni bure.

Mwaka jana nilimwuliza mwenye boti mmoja, mtu mwenye nyumba ya ukuta na geti la chuma, kwa nini mafuta yake yasilale kwake. Alinijibu upesi, bila kufikiri: “Kwangu kuna watoto.” Fundi wake ana watoto watano katika chumba kimoja na sebule. Sikumjibu siku ile, kwa kuwa nilikwenda kwa shauri jingine la mshahara wa fundi huyo huyo, lakini neno lile nimelibeba katika kila mkutano.

Mimi elimu yangu ni ya msingi tu, na mambo ya sheria husomewa na katibu wetu. Alinisomea Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981. Kifungu cha 21 chasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Na mwezi Juni 2022 mkutano wa shirika hilo uliamua kwamba mazingira salama ya kazi ni miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu, iwe imetia sahihi mkataba huo au haikutia. Basi tajiri akisema kibanda ni ghali, jibu tunalo. Chumba changu nacho ni gharama, na wanangu ni gharama isiyohesabika.

Mpaka kibanda kijengwe, dumu litalala mahali leo usiku, kwa hiyo niseme la leo. Mafuta yapunguzwe: kama kazi ya kesho yataka lita tano, zisilale 20. Dumu litoke chumbani liwekwe nje kivulini, mbali na jiko, katika kisanduku cha matofali chenye bati juu na kufuli. Matundu ya hewa yawe chini pia, usawa wa ardhi, kwa kuwa mvuke hushuka. Kisanduku chenye tundu la juu peke yake ni sawa na chungu. Dumu lifungwe kwa mnyororo kama pikipiki inavyofungwa. Wenye nyumba za kupanga waungane wanne au watano wajenge kimoja.

Madumu ya mafuta ya kupikia hayakutengenezwa kwa esansi. Ukiona mtu ametia nailoni chini ya kifuniko, jua kifuniko hakifungi, na mwenye dumu anajua. Bora ni jerikeni ya chuma yenye mpira mdomoni, ile iliyobuniwa na jeshi la Wajerumani kabla ya Vita vya Pili. Waingereza waliiga na kuipa jina la utani walilowaitia Wajerumani, nalo ndilo limefika hadi kwetu. Chombo chochote kisijazwe pomoni. Lita 20 za esansi zikitoka katika ubaridi wa usiku hadi jua la mchana huongezeka karibu nusu lita, na nusu lita hiyo itatafuta pa kutokea. Jaza 19. Wakati wa kujaza, dumu liwe chini ardhini, wala si juu ya kiti cha pikipiki, kwa sababu mafuta yakitiririka huzaa umeme mdogo, na dumu lililo ardhini ndilo salama zaidi. Kumimina kufanyike nje, mchana, kwa faneli. Na tuache kunyonya mafuta kwa mpira: yakiingia mapafuni huua.

Chupa za maji na za soda zisitiwe esansi hata kidogo. Mtoto haoni esansi, huona soda. Akinywa, msimtapishe, maana akitapika ndipo yatakapoingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali, na chupa mwende nayo. Moto ukitokea, watu kwanza watoke. Maji hayazimi esansi, huibeba tu na kuisambaza. Mchanga mkavu husaidia moto ukiwa bado mdogo. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna oili, hakuna unga.

Wako wenzetu wanaosema dawa ni kuwafukuza kadafi wote mitaani. Mimi napinga. Ukimfukuza kadafi barabarani, dumu lake litaingia chumbani na kujificha, na litakuwa la hatari zaidi kuliko lilipokuwa wazi juani. Wapewe mahali, mbali na majiko ya wauza chakula na mbali na shule, na chama kiwaandikishe kama kinavyoandikisha madereva. Kamati za mtaa tutagombana nazo kwa hilo, sina shaka.

Mkutano ujao na wenye boti na wenye mashine utakuwa na ajenda ya kibanda cha mafuta, kimoja kwa kila mwalo na kimoja kwa kila soko, kwa fedha za matajiri na ufunguo kwa wafanyakazi. Kabla ya siku hiyo kila kiongozi wa kituo alete hesabu: madumu mangapi yanalala majumbani, ya nani, na katika vyumba vyenye watoto wangapi. Anayelaza dumu la tajiri alitaje jina la tajiri mbele ya kamati peke yake. Mbele ya matajiri tutasoma hesabu tu, asije mtu akapoteza kazi kwa ajili ya dumu ambalo hata si lake.