Usalama wa Umeme Viwandani: Uamuzi wa Kuzima Mtambo Uko Mikononi mwa Mwajiri

Kusambaa kwa umeme vijijini kumebadili kazi ya kukoboa nafaka na kuchakata kahawa mkoani Songwe. Kwa kata kama Itaka, wilayani Mbozi, mashine ya umeme wa njia tatu ni chachu ya kipato. Hata hivyo, imekuja na hatari isiyofahamika vya kutosha.

Wengi huogopa kupigwa shoti kwa kugusa waya. Ipo ajali nyingine isiyohitaji kugusa chochote. Bisibisi ikidondoka kati ya nyaya zenye umeme, au vumbi na unyevu vikijikusanya ndani ya boksi la umeme, umeme huruka hewani na kuzua mwako wa ghafla. Mwaka 1982, mhandisi Ralph Lee wa Marekani alibainisha kuwa joto la mwako huo laweza kufikia takriban mara nne ya joto la uso wa jua.

Kinga ya kwanza ni kuzima umeme, kufunga swichi kwa kufuli, kisha kupima ili kujiridhisha kuwa nyaya hazina umeme. Izingatiwe kuwa swichi kuu ikizimwa, nyaya zinazoingia kutoka mita hubaki na umeme. Kuzigusa ni kazi ya TANESCO pekee. Aidha, nguo za nailoni huyeyuka mwilini, na glavu za kuzuia shoti pekee hazitoshi kuukinga uso.

Changamoto kubwa ni haraka ya msimu. Foleni ya wakulima inapokuwa ndefu, fundi huombwa kurekebisha hitilafu huku mashine ikiwa na umeme. Hapo ndipo wajibu wa mwajiri unapopimwa, awe mtu binafsi au chama cha ushirika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Fundi naye anapaswa kuwa na leseni ya EWURA ya daraja linalolingana na kazi husika.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipa fidia kwa anayeumia kazini, lakini fidia hairejeshi macho wala mikono iliyoungua. Saa moja ya mashine kusimama ni hasara inayofidika kesho yake.